Uzi maalumu: Tuliokuwa tunatazama Jeopardy! enzi za Alex Trebek, tukutane hapa

MleziWaUsiku

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wabeba boksi wa Marekani waliowahi kukaa na wazee wa watu saa moja jioni, wakisubiri ule ubao wa buluu uwake. Nazungumzia Jeopardy!, na hasa Jeopardy! ya Alex Trebek. Nyumbani wengi hawaijui. Hata mimi sikuwahi kuisikia kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu ili na walioko Kahama na Mtwara tuende nao pamoja.

Kipindi chenyewe ni chemsha bongo ya nusu saa, Jumatatu hadi Ijumaa. Washindani watatu wanasimama kila mtu na meza yake, kitufe mkononi. Mbele yao kuna ubao wenye mada sita, na chini ya kila mada vidokezo vitano vyenye bei, cha juu chepesi na cha chini kigumu. Mshindani anachagua mada na bei, mtangazaji anasoma, na anayewahi kubonyeza ndiye anayejibu. Ukipata unaongezewa, ukikosa unakatwa. Duru ya pili, Double Jeopardy, bei ni maradufu. Mwishoni kinabaki kidokezo kimoja, Final Jeopardy: unatajiwa mada tu, unaweka dau bila kujua utaulizwa nini, kisha unapewa sekunde 30 za kuandika huku muziki ukipigwa. Na sharti kubwa ni kwamba jibu unalitoa kwa sura ya swali. Ukisomewa kwamba huu ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika, unajibu, "Kilimanjaro ni nini?" Duru ya kwanza ukisahau mtangazaji anakukumbusha. Duru ya pili ukisahau, umekosa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi zamu ya jioni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wanaoijua kazi hiyo wanajua ratiba yake: chakula cha jioni mapema, dawa, kubadilisha nguo, halafu wazee wanaosukumwa kwa viti vya magurudumu wanapelekwa sebuleni. Mle ndani sikuwa na jina. Nilikuwa "yule kijana", au kengele ikilia nilikuwa mikono tu. Sisemi hivyo kuwalaumu wazee. Mtu mwenye maumivu hana nafasi ya kujifunza majina ya watu wanaobadilika kila wiki. Lakini ilinichosha, kwa sababu nilikuwa nimesoma, nilikuwa na akili zangu, na hapakuwa na mahali pa kuzitumia.

Jioni moja ubaoni ikaja mada ya miji mikuu ya dunia. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti cha bibi mmoja, namfunika blanketi miguuni. Kikasomwa kidokezo cha Burkina Faso. Washindani wote watatu kimya. Nami bila kufikiri nikasema, "Ouagadougou." Trebek akalitaja jibu lile lile. Bibi akageuza shingo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kumhudumia, akaniuliza nimetoka wapi na nimesomea wapi. Nikamwambia shule ya msingi ya serikali, Tanzania, na kwamba mwalimu wetu wa jiografia alikuwa hamwachi mtu atoke darasani mpaka ataje nchi za Afrika na miji mikuu yake, kuanzia kaskazini kushuka kusini.

Tangu siku hiyo nikawa na jina. Ikija mada ya jiografia, mito, bendera, maziwa, ukoloni, wazee wanaita nije. Ikija marais wa Marekani wanaijibu wao, na mimi nasikiliza najifunza. Bibi yule alikuwa bingwa wa Shakespeare na Biblia. Babu mmoja aliyekuwa fundi wa reli alikuwa hagusiki kwenye vita na majenerali. Kwa nusu saa ile hapakuwa na mlezi na mlelewa. Palikuwa na watu wanaojua vitu mbalimbali, na kila mtu akiheshimiwa kwa anachokijua. Sijakutana na kitu kingine kwenye televisheni ya Marekani kilichonipa hadhi ile, ndiyo maana nakipenda kipindi hiki mpaka leo na nakikumbuka kama watu wanavyokumbuka kijiji walichokulia.

Na ile hali ilitoka kwa Trebek mwenyewe. Tazameni vipindi vingine vya bahati nasibu na chemsha bongo: mtangazaji anaruka, anapiga kelele, anamkumbatia mshindi. Trebek alisimama wima kwenye kibanda chake, suti imenyooka, akasoma vidokezo kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba msikilizaji ana akili. Mshindani akikosa hakumcheka. Alisema "samahani, hapana" kwa namna ambayo ungedhani amekosa yeye. Majina ya Kifaransa, ya Kirusi, ya Kiafrika aliyatamka kwa juhudi ya kweli. Asubuhi za siku za kurekodi alikuwa akikaa na karatasi za michezo ya siku hiyo, anapitia vidokezo na kuweka alama za matamshi kabla ya kuingia studio. Kumbukeni walikuwa wanarekodi vipindi vitano kwa siku moja.

Alizaliwa Sudbury, Ontario, Kanada, mwaka 1940. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ukraine aliyefanya kazi ya upishi, mama yake Mkanada wa lugha ya Kifaransa. Alisomea falsafa Chuo Kikuu cha Ottawa, akaanzia utangazaji CBC, shirika la utangazaji la Kanada, ndipo akahamia Marekani. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1998, wakati huo alikuwa ameshaendesha kipindi tangu tarehe 10 Septemba 1984. Kwa hiyo yule mzee ambaye Wamarekani walimwona kama alama ya nyumba zao alikuwa mhamiaji, mtoto wa mhamiaji mpishi. Nilipolijua hilo nilifurahi kupita kiasi.

Karibuni. Kila mtu alete kumbukumbu zake.

BintiPangani

Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa nalea bibi mmoja nyumbani kwake, siyo kwenye kituo. Saa moja kamili Jeopardy!, saa moja na nusu Wheel of Fortune, mchezo mwingine wa televisheni, na simu ikilia katikati ya hapo hakuna kupokea, hata kama ni mwanawe. Kwenye miji mingine najua zinapishana, inaanza Wheel.

Kitu ninachokikumbuka ni ule muziki wa sekunde 30. Mpaka leo nikisubiri kitu, iwe chai ichemke au mtandao wa benki ufunguke, unanijia kichwani. Merv Griffin, aliyekianzisha kipindi, ndiye aliyeutunga, na mwanzo ulikuwa wimbo wa kumbembelezea mwanawe mdogo alale. Baadaye ukamwingizia mamilioni ya dola.

Swali langu: kwa nini wanatoa majibu halafu watu wanauliza maswali? Bibi aliwahi kunieleza lakini nilikuwa jikoni, nikasikia nusu.

MleziWaUsiku

Dada BintiPangani, hapo kuna historia nzuri sana.

Miaka ya 1950 televisheni ya Marekani ilijaa chemsha bongo zenye fedha nyingi. Ikaja kugundulika kwamba baadhi yake ni maigizo: watayarishaji walikuwa wanawapa majibu washindani wanaowapenda ili watazamaji wasibanduke. Kilichotajwa zaidi ni Twenty-One, na mshindani wake maarufu, Charles Van Doren, mhadhiri wa chuo kikuu, mwaka 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa anapewa majibu. Watu walijisikia wamesalitiwa. Baada ya hapo vituo vingi havikutaka kusikia habari ya chemsha bongo ya maarifa yenye fedha nyingi.

Mwaka 1963 Griffin alikuwa kwenye ndege na mkewe Julann, analalamika kwamba anatamani kuanzisha kipindi cha aina hiyo lakini kashfa imeua soko. Mkewe akamwambia: basi wape majibu, wao walete maswali. Akampa mfano, "5,280." Griffin akajibu, "Maili moja ina futi ngapi?" Wakaendelea kutupiana hivyo hivyo. Kipindi kilianza kwenye kituo cha NBC tarehe 30 Machi 1964, mtangazaji akiwa Art Fleming, kikarushwa mchana mpaka Januari 1975. Yule bibi wangu wa Shakespeare alikuwa anakitazama enzi hizo, wakati wa chakula cha mchana, na alikuwa akimsifu Fleming kila mara, ingawa Trebek naye alimkubali.

Ninachokipenda ni kwamba wazo lenyewe lilitoka kwa Julann. Alilitoa ili kurudisha uaminifu uliopotea, na wakati huo Griffin alikuwa ameshakata tamaa na soko.

Shangazi_wa_Minneapolis

Wanangu hamjambo. Mimi ni wa siku nyingi huku, nimeona mengi, ila jambo moja la Jeopardy! nitawahadithia wajukuu.

Mwaka 2004 kulikuwa na kijana mmoja wa Salt Lake City, mhandisi wa programu za kompyuta, Ken Jennings. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamefuta sheria iliyomlazimisha bingwa kustaafu baada ya kushinda mara tano. Basi huyu kijana akaanza Juni, akashinda, akashinda, likizo ya kiangazi ikapita, akashinda. Michezo 74 mfululizo! Dola 2,520,700. Pale kazini kwetu tulikuwa tunagombania zamu, kila mtu anataka awe sehemu yenye televisheni. Na hakuwa na majivuno, alikuwa mtu wa kutabasamu, mpole, unampenda tu.

Tarehe 30 Novemba 2004 kikafika kidokezo cha mwisho. Kilisema hivi kwa maana yake: wengi wa wafanyakazi 70,000 wa msimu wa kampuni hii, wa kazi za ofisini, hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Jennings akaandika FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mimi nilikuwa nimesimama na trei ya vikombe, nikapiga kelele, "H&R Block!" Wenzangu wawili, mmoja Mwethiopia na mmoja wa Liberia, nao wakasema hivyo hivyo kwa pamoja. Sisi tungekosaje? Kila mwaka kuanzia Januari mpaka katikati ya Aprili tunapanga foleni pale kujaziwa fomu za kodi! Mhamiaji yeyote anajua zile ofisi zinafunguliwa kwa msimu halafu zinafungwa. Jennings alikuwa anajaza kodi yake mwenyewe nyumbani, hakuwa na sababu ya kuingia mle.

Nancy Zerg akaandika jibu sahihi, Jennings akaondoka. Nililia. Lakini nilijisikia vizuri pia, kwamba kuna kitu kimoja mwanamke wa usafi alikijua na bingwa wa mabingwa hakukijua.

Eldoreti254

Shangazi shikamoo. Hadithi ya H&R Block imenifurahisha mno, kwa sababu mimi nimekaa kwenye foleni hiyo hiyo.

Mimi ni Mkenya, nilikuja kwa ajili ya riadha chuoni. Tulikuwa tunaishi vijana wanne nyumba moja, sote wakimbiaji. Jioni miguu inauma, tumelala sakafuni, Jeopardy! inapita. Sheria yetu ilikuwa anayekosa anaosha vyombo. Tulikuwa hatujui chochote kuhusu vipindi vyao vya zamani, waimbaji wao wa miaka ya 60, besiboli. Lakini sayansi ilikuwa yetu, KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ilikuwa imetunoa. Kemia, mifupa ya mwili, alama za elementi, hapo hakuna wa kutushinda.

Baada ya muda nikaona kwamba nimeijua Marekani kupitia ule ubao kuliko kupitia darasa lolote. Majimbo, marekebisho ya katiba, mito, majaji wa Mahakama Kuu. Nilipofanya mtihani wa uraia nilijibu maswali yote, afisa akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia ukweli. Akacheka sana, akasema mama yake pia haachi.

MwalimuMstaafu

Wanangu, nawasoma kutoka Morogoro. Kipindi hicho sijakiona, lakini nina shaka moja, na ninaisema kwa nia njema kama mtu aliyefundisha maisha yake yote. Mnasifu kukariri. Miji mikuu, majina ya wafalme, miaka. Tulipambana kuwatoa watoto kwenye kukariri, tuwafundishe kufikiri. Mtu anayejua Ouagadougou bila kujua watu wa pale wanaishije amejua nini?

MleziWaUsiku

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako nzito na nashukuru umeileta.

Nakubali kwamba kukariri peke yake ni njaa. Ila vidokezo vya Jeopardy!, hasa vile vya chini ya ubao, havijibiki kwa kukariri tu. Vinaandikwa ili ufike kwenye jibu kwa kuunganisha mambo mawili au matatu ambayo hukuwahi kuyaweka pamoja. Nimeona wazee wakifika kwenye jibu kwa sauti, hatua kwa hatua, kitu ambacho hawakujua kwamba wanakijua.

Na kuhusu watu wa Ouagadougou, ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nilipolitaja jibu lile, bibi aliniuliza maswali kuhusu Afrika kwa miezi. Aliagiza mwanawe amletee atlasi kubwa. Jibu moja lilifungua mazungumzo marefu. Bila lile jibu asingenitazama.

Kapteni_Mwanga

Mwalimu, shikamoo. Naomba niongezee, maana hapa ndipo nilipovutiwa mimi. Nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta Februari 2011 wakati IBM ilipoleta mashine yake, Watson, ishindane na Ken Jennings na bingwa mwingine, Brad Rutter. Ukumbi wa chuo ulijaa. Mashine ilishinda vibaya sana: Watson dola 77,147, Jennings 24,000, Rutter 21,600.

Lakini kulikuwa na kidokezo kimoja cha Final Jeopardy, mada "miji ya Marekani". Kilisema uwanja wake mkubwa wa ndege umepewa jina la shujaa wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na wa pili kwa ukubwa umepewa jina la pigano la vita hiyo. Mwalimu, hebu fikiria mtu anavyokwenda. Pigano gani lina jina linalofaa uwanja wa ndege? Midway. Uwanja wa Midway uko wapi? Chicago. Mkubwa wa Chicago ni upi? O'Hare, jina la rubani wa kivita. Basi ni Chicago. Sikuwa najua kwamba O'Hare alikuwa rubani, na bado nilifika. Jennings na Rutter walifika. Mashine yenye kumbukumbu ya mamilioni ya kurasa ikaandika Toronto, na alama nyingi za kuuliza nyuma yake.

Toronto si mji wa Marekani! Ukumbi ulipasuka. Ilikuwa imeweka dau dogo kwa hiyo haikuumia, ila mimi niliondoka pale nimeamua nitasomea namna kompyuta zinavyoelewa lugha za watu. Ndiyo kazi yangu leo.

MwalimuMstaafu

Hapo kijana umenifundisha. Kidokezo hicho ningekipeleka darasani. Kinampa mtoto mlango wa kuingilia. Nimekuelewa, nawe MleziWaUsiku nimekuelewa. Endeleeni.

BintiPangani

Mmetaja mabingwa, msimsahau James Holzhauer, mwaka 2019. Mcheza kamari wa michezo kutoka Las Vegas. Wengi wanaanzia juu kwa vidokezo vya bei ndogo, yeye akaanzia chini kwenye vya bei kubwa ili akikutana na Daily Double, kidokezo kilichofichwa ubaoni ambacho anayekifungua anaweka dau, awe tayari na fedha ya kutosha kuweka yote. Mchezo mmoja peke yake alichukua dola 131,127, rekodi. Na alipoulizwa alijiandaaje, akasema alikuwa anasoma vitabu vya watoto maktaba, kwa sababu vinaeleza jambo kwa ufupi na kwa picha. Nilimsomea mwanangu vitabu vingi zaidi baada ya kusikia hivyo! Alishindwa mchezo wa 33, na aliyemshinda alikuwa mkutubi, Emma Boettcher. Mkutubi! Bibi yangu alipiga makofi mpaka bangili zikalia.

Shangazi_wa_Minneapolis

Na mnakumbuka mwaka huo huo, Machi, Trebek alipojitokeza mwenyewe mbele ya kamera akasema ana saratani ya kongosho, hatua ya nne? Alisema kwa utulivu ule ule wa kusoma vidokezo. Akasema lazima apone kwa sababu mkataba wake bado una miaka mitatu. Nilikwenda kazini kesho yake, wazee wamenuna kama wamefiwa. Wengine walikuwa wanaumwa ugonjwa huo huo.

MleziWaUsiku

Shangazi, nilikuwa nasubiri mtu afungue hapo, maana mimi peke yangu sikuweza kuanza.

Aliendelea na kazi. Kuna siku alitoka kwenye dawa kali, maumivu yamemkamata, na bado akasimama pale. Novemba 2019, kwenye mashindano ya mabingwa, kijana mmoja mwanafunzi, Dhruv Gaur, hakulijua jibu la Final Jeopardy. Badala ya kubahatisha akaandika kwa sura ya swali kwamba tunakupenda, Alex. Trebek alipoyasoma sauti ilikatika. Ndipo akamwambia ni asante sana, na kwamba imekugharimu dola 1,995, umebakiwa na tano. Hata pale alimaliza hesabu, kwa sababu mchezo ni mchezo.

Halafu korona. Kazini kwetu wazee walifungiwa vyumbani, hakuna sebule, hakuna wageni, chakula mlangoni. Sisi tumevaa barakoa, wasiosikia vizuri hawawezi hata kutusoma midomo. Machi 2020 kipindi nacho kilisimama kurekodi. Kiangazi wakarusha michezo ya zamani, na Julai wakaonyesha kile cha kwanza kabisa cha 1984, Trebek kijana, nywele nyeusi, masharubu mazito. (Masharubu aliyanyoa mwaka 2001, na wapo wazee waliokuwa hawajamsamehe.) Nilikuwa napita kwenye korido saa moja jioni, milango iko wazi kidogo, na kila chumba televisheni iko pale pale. Kidokezo kinaanzia chumba cha kwanza na kwa hatua zangu kinaishia chumba cha nne. Wazee walikuwa wanapigiana kelele majibu kupitia milango. Babu wa reli alikuwa anaita kutoka kwake, "Jiografia! Uko wapi?" Nami najibu kutoka nilipo, glavu mikononi.

Agosti wakarudi studio, meza za washindani zimetenganishwa. Trebek alirekodi mara ya mwisho tarehe 29 Oktoba 2020. Alifariki Jumapili, tarehe 8 Novemba, ana miaka 80. Siku kumi tu kati ya hizo mbili, wakuu. Vipindi vya mwisho vilirushwa wiki ya kwanza ya Januari 2021, na Jumatatu ya wiki hiyo alifungua kwa kuwaomba watazamaji wawasaidie wanaoteseka na janga, wajenge jamii yenye upole zaidi. Alikuwa anajua hali yake. Sisi tuliokuwa tunatazama tulijua kwamba anayezungumza ameshafariki. Sikuwahi kusikia ukimya kama ule kwenye korido yetu.

Bibi wa Shakespeare hakuwepo. Korona ilimchukua kabla. Atlasi yake mwanawe alinipa mimi.

Eldoreti254

Pole sana ndugu. Pole kwa wote mliofanya kazi hiyo mwaka ule.

BintiPangani

Pole mkuu. Mungu ampumzishe.

Kapteni_Mwanga

Pole kaka. Tangu wakati huo je, bado mnatazama? Mimi nilijaribu walipokuwa wanabadilisha watangazaji wa muda, nikashindwa. Nilikuwa naona mtu amekaa kiti cha mwenyewe.

MleziWaUsiku

Natazama. Mwanzo ulikuwa mgumu kweli, kila wiki chache sura mpya. Lakini wa kwanza kushika nafasi ile Januari 2021 alikuwa Ken Jennings, na tangu Desemba 2023 yuko peke yake kama mtangazaji. Kwa maoni yangu ndiye aliyestahili. Amesimama upande ule wa washindani, anajua mtu akikosa moyo unaendaje. Akisoma mada ya kitu anachokipenda unamwona macho yanawaka. Hajaribu kuwa Trebek, na hilo ndilo linanifanya nimkubali.

Studio yenyewe, pale Culver City, California, wameipa jina la Alex Trebek.

Wazee niliokuwa nao wengi hawapo. Wazee wapya wapo, na ratiba ni ile ile.

Shangazi_wa_Minneapolis

Na Pat Sajak, mtangazaji wa Wheel of Fortune, naye alistaafu Juni 2024. Zamu zetu za jioni zimebadilika sura kabisa. Vanna White, mwenzake wa kipindi hicho, yupo, angalau.

Nina swali kwa vijana. Hivi katika sisi sote hapa, hakuna aliyejaribu kwenda kushindana? Maana mnajibu mkiwa mmelala sakafuni, mkiwa na trei mikononi. Mtihani wao si uko kwenye intaneti?

BintiPangani

Upo shangazi. Maswali 50, kila moja sekunde 15, unakaa tu na kompyuta yako. Hawakwambii umepata ngapi. Wakikupenda wanakuita kwenye majaribio mengine, na ukifika studio kumbe kazi kubwa ni kitufe: lazima usubiri mtangazaji amalize kusoma na taa za pembeni ya ubao ziwake, ukibonyeza mapema unafungiwa robo sekunde, na robo sekunde hiyo mwenzako ameshachukua.

Mwanangu amenilazimisha nikaufanya. Ana miaka 12 na ananishinda kwenye sayansi. Mimi namshinda kwenye Biblia na fasihi. Bado hawajaniita.

Shangazi_wa_Minneapolis

Ufanye tena. Unaruhusiwa mara moja kwa mwaka, wala usiache. Na siku wakikuita uniambie mapema, nipange zamu.

MleziWaUsiku

Dada, nitumie mada zinazokusumbua. Nina atlasi, na jioni hii niko kazini na babu mmoja aliyefundisha historia ya Ulaya. Nitamuuliza kuhusu wafalme.